Wanafunzi 30 wa kidato cha tatu wanaosuasua: nianzie wapi ili wamalize na wenzao?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya kata wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Kidato cha tatu nina wanafunzi 112, na kama 30 kati yao wananinyima usingizi. Wapo wanaokuja wiki moja wakapotea mbili, hasa msimu wa tumbaku. Wapo wanaokuja kila siku lakini Hisabati na Kiingereza ni F tangu kidato cha kwanza. Watatu ni wasichana waliorudi baada ya kujifungua. Mkuu wa shule anapendekeza kambi ya kitaaluma mwakani, mwezi wa Septemba. Baadhi ya wenzangu wanasema hawa tuwashauri waondoke mapema wasije wakatuangushia wastani. Mimi nataka wamalize kidato cha nne mwakani pamoja na wenzao. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, naanza na hilo la wastani, kwa sababu ukilikosea hilo hayo mengine hayatakuwa na mtu wa kumsaidia.

Usimwondoe hata mmoja. Najua shinikizo lilivyo: matokeo yakitoka, mkuu wa shule anaitwa halmashauri kujieleza, na kila mwalimu anatajiwa F za somo lake. Lakini mtoto anayeondoka kidato cha tatu anaondoka na nini mkononi? Ana matokeo ya upimaji wa kidato cha pili tu, na hayo pekee hayamfungulii mlango wa chuo cha kati. Akija kujuta baada ya miaka miwili atalazimika kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ajilipie ada, ajitafutie kituo, asome bila mwalimu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa Januari 2016 ili watoto wa aina hii wafike kidato cha nne. Na kuhusu sifa ya shule, Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora mwaka 2023. Wenzako waambie hivyo kwenye kikao cha walimu, kwa upole lakini bila kuzungusha maneno. Shule ya kata kazi yake ni watoto wa kata, wote waliosajiliwa.

Sasa tukubaliane tunaposema "wamalize" tunamaanisha nini. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani, kwa hiyo mtoto anaweza kuvishwa shada na kupigiwa vigelegele halafu Novemba asitokee kwenye chumba cha mtihani, au atokee kwa karatasi tatu tu. Kwangu mimi, aliyemaliza ni yule aliyesajiliwa, akafanya karatasi zake zote, akatoka na kitu kinachomfungulia mlango. Cheti chenyewe kinapatikana kwa D mbili au C moja. Mlango wa maana kwa hawa 30, hata hivyo, ni D nne katika masomo yasiyo ya dini, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingilia ngazi ya cheti katika vyuo vingi vya kati. D inaanzia alama 30. Waandikie lengo hilo ukutani: D nne, na kwa anayeweza, C tatu za kwenda kidato cha tano. Ukiwaambia tu "ongezeni bidii mfaulu" hawajui wafukuze nini.

Kuna kazi moja ya kufanya wiki hii kabla ya nyingine zote. Chukua orodha ya hao 30 uhakikishe kila mmoja alifanya upimaji wa kidato cha pili na namba yake unayo. Asiyefanya hawezi kusajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa shule, na ni heri ujue sasa kuliko kujua wakati wa usajili mwanzoni mwa mwaka. Hapo hapo linganisha majina na vyeti vya kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa huja kumsumbua mtoto anapoomba chuo.

Tuje kwenye swali la nani hasa amepotea njia. Umesema "kama 30", na hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya barua yako. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walichapisha kipimo rahisi cha kumtambua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari ambaye yuko kwenye mstari wa kuhitimu. Walitazama mambo mawili: amefaulu masomo ya kutosha kupanda darasa, na hana F zaidi ya moja ya muhula katika masomo ya msingi. Aliyekuwa kwenye mstari mwishoni mwa mwaka ule alikuwa na nafasi mara tatu na nusu zaidi ya mwenzake ya kuhitimu katika miaka minne. Kipimo hiki kilitabiri vizuri kuliko alama alizotoka nazo shule ya msingi na kuliko hali ya nyumbani kwao. Walipochimba zaidi waligundua kwamba kinachotangulia F, mara nyingi, ni kukosa vipindi. Wale waliokuja sekondari na alama nzuri walianguka wakikosa vipindi, na wa alama za kawaida waliohudhuria walisimama.

Mfumo wao si wetu. Kule mwanafunzi anakusanya masomo aliyofaulu mwaka hadi mwaka, huku kwetu mzigo mkubwa uko kwenye mtihani mmoja wa Novemba. Lakini kanuni ya mahudhurio inahama bila shida. Marekani mwaka wa masomo una siku 180 hivi, na anayekosa asilimia 10 ya siku hizo, yaani 18, anahesabiwa mtoro sugu hata kama hakuzikosa mfululizo. Sisi tuna siku 194, kwa hiyo asilimia 10 ni siku 19. Sasa fikiria: kwetu mtoto huhesabiwa ameacha shule akishapotea siku 90 mfululizo. Anayekosa siku mbili kila wiki, mwaka mzima, hafiki 90 mfululizo kamwe, na hatajwi kwenye hesabu ya walioacha shule, ingawa amekosa asilimia 40 ya masomo.

Kwa hiyo kaa na rejista kuanzia Januari hadi leo, uhesabu kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, wote 112. Weka alama pembeni ya kila aliyevuka siku 10, kwa kuwa nusu ya mwaka ndiyo imepita. Kisha weka alama nyingine kwa aliyepata F Hisabati na F Kiingereza kwenye upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa muhula wa kwanza. Utashangaa. Baadhi ya uliowadhania wamepotea hawamo, na utakuta wapole wawili watatu ambao hakuna mwalimu aliyewaona wakididimia. Angalizo moja: rejista ya asubuhi pekee haitoshi. Kuna wanaoitika "nipo" saa moja na nusu, wakishakunywa chai wanakata mitaa. Walimu wa zamu waite majina tena saa nane kwa wiki mbili uone tofauti.

Ukimaliza utakuwa na makundi: wanaoelewa lakini hawaji, wanaokuja lakini hawaelewi, na wenye yote mawili. Usiwachanganye. Kumweka asiyekuja kwenye vipindi vya ziada ni kumwongezea vipindi vya kukosa.

Niwe mrefu kidogo kwenye hilo la kutokuja, kwa sababu Kaliua na Urambo utoro una kalenda, na kalenda hiyo inajulikana na kila mtu isipokuwa ratiba ya shule. Vitalu vya tumbaku vinaandaliwa mvua haijaanza, miche inahamishiwa shambani Novemba na Desemba, na kuanzia Februari hadi Aprili ni kuchuma, kufunga na kukausha kwenye mabani, moto ukiwaka usiku na mchana. Tazama hapo kwenye Februari hadi Aprili. Wanafunzi wako watakuwa kidato cha nne, mada nzito zikifundishwa. Kama wakipotea miezi hiyo, kambi ya Septemba itakuwa inawafundisha upya mwaka mzima kwa wiki tatu. Hilo haliwezekani, na mkuu wako wa shule analijua akilitafakari.

Usiende kwa wazazi ukiwa na hasira. Kaya inayolima tumbaku imechukua pembejeo kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inalipwa mara moja kwa mwaka soko likifunguliwa, na jani likiiva halisubiri mtu. Mzazi anayemtoa mtoto shuleni wiki ya kuchuma anaangalia deni. Lakini mazungumzo ya maana yanawezekana yakifanyika mapema, mwezi wa nane au wa tisa, kabla msimu haujashika kasi. Itisha kikao cha wazazi wa hao waliovuka siku 10 peke yao, wala usisubiri mkutano mkuu ambako nusu hawaji. Mwombe mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa AMCOS wakae nawe meza moja. Kisha mpatane mambo machache yanayoshikika: Jumamosi na Jumapili ni za shamba, siku za shule baada ya saa nane na nusu ni za shamba, na kuna wiki ambazo hakuna ruhusa kabisa, nazo ni za majaribio, za mtihani wa muhula na za moko, ule mtihani wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Wape tarehe zake kwenye karatasi.

Na kuna hoja moja ya kiafya ambayo wazazi wengi huielewa upesi, kwa kuwa wameiona miilini mwao. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mchumaji hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Kijana mwenye mwili mdogo huumia zaidi. Saa za umande ni za asubuhi, ambazo ndizo za shule. Anayebaki darasani hadi mchana anaepuka saa mbaya kuliko zote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini mimi ningeanza na umande. Sheria itajwe mwishoni, na afisa elimu kata, kwa yule tu ambaye hasikii.

Wanaoishi mageto, hili nalipitia haraka kwa sababu unalijua kuliko mimi. Mtoto aliyepanga chumba kijiji cha shule anabeba unga wa wiki. Ukiisha Alhamisi, anarudi kwao Alhamisi. Chakula cha mchana shuleni kinamrudishia siku mbili kila wiki. Kama wazazi wamekubali kuchangia mahindi na maharage, yakusanywe baada ya mavuno, debe likiwa bado lipo nyumbani.

Sasa, nani atafuatilia yote haya? Hapa ndipo shule nyingi zinapokwama, kwa kuwa kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha mwaka 1990 mpango unaoitwa Check & Connect, na muundo wake ni mwepesi kiasi kwamba unaweza kuuanzisha Jumatatu. Mwanafunzi aliye hatarini anapewa mtu mzima mmoja anayemfuatilia kwa angalau miaka miwili, na mtu huyo ana kazi mbili: kuangalia mahudhurio, alama na nidhamu ya mtoto kila wiki, na kuchukua hatua mara tu kitu kinapobadilika. Kumpata mtu wa kukaa na mtoto muda wote huo ndiyo sehemu ngumu. Wewe unahitaji mwaka mmoja na nusu tu.

Gawa hao 30 kwa walimu wote, mkuu wa shule na makamu wake wakiwemo, na mwalimu wa malezi asiachiwe peke yake. Kila mmoja atapata wawili au watatu. Usigawe kwa bahati nasibu. Waulize wanafunzi, mmoja mmoja, ni mwalimu gani wanaweza kuongea naye, ukampe huyo. Kila Jumatatu, mapumziko ya chai, mwalimu anaangalia rejista ya wiki iliyopita na kuzungumza na watoto wake dakika tano. Mtoto akikosa siku ya pili, simu inapigwa siku hiyo hiyo kwa mzazi, au ujumbe unaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wiki ya pili ni kuchelewa.

Na akirudi, asichapwe. Nalisema hili nikijua litawaudhi walimu wenzangu ninaowaheshimu. Mtoto aliyekosa siku tatu akachapwa siku ya nne, wiki ijayo akikosa moja atahesabu: nikienda kesho nachapwa, nikikaa hadi Jumatatu labda watasahau. Fimbo inageuza utoro wa siku moja kuwa wa wiki. Anayerudi apokewe, apewe daftari la mwenzake anakili, aulizwe kilichomkwamisha, na alipe siku zake kwa kazi ya masomo.

Nimeona mara nyingi mambo haya mawili pekee, simu ya siku ya pili na kupokelewa vizuri, yakirudisha watoto ambao shule ilishawakatia tamaa. Hayagharimu zaidi ya vocha.

Wale wanaokuja lakini hawaelewi ni kazi ya aina nyingine, na kwa hao dawa yetu ya kawaida haifai. Tunachofanya sisi ni masomo ya ziada jioni, darasa zima, mwalimu akirudia mada ile ile kwa kasi ile ile. Mtoto ambaye hajui kujumlisha sehemu hawezi kufaidika na marudio ya logariti. Anzia kwenye kipimo. Tunga karatasi ya dakika 40 kutoka darasa la tano hadi la saba: sehemu, desimali, namba hasi, asilimia, aya moja ya Kiingereza chepesi na maswali manne. Bila alama za kutangazwa, bila majina ukutani. Utajua nani amekatikia wapi.

Kisha wapange kwa kiwango chao. Shirika la Pratham la India limeonyesha kwa miaka mingi kuwa watoto wakipangwa kwa wanachokijua, bila kujali darasa walilopo, hujifunza kusoma na kuhesabu kwa muda mfupi. Na huko Chicago wanafunzi wa kiume wa mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, wengi wao wakiwa nyuma sana, walipewa mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wawili, kipindi kizima kila siku, ndani ya ratiba ya shule, na Hisabati yao ikapanda vizuri. Mambo yaliyobeba kazi hapo ni matatu: udogo wa kundi, kila siku, na ndani ya saa za shule. Ukishindwa wawili, fanya watano. Lakini usipeleke jioni, kwa sababu jioni ndiyo saa uliyowaachia wazazi.

Walimu hawatoshi, najua. Kidato cha sita wanamaliza mtihani mwezi wa Mei, na wengi ambao hawakuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wako nyumbani wakisubiri vyuo hadi Oktoba. Hapo kijijini kwenu hawakosekani wawili au watatu. Kijana aliyesoma mchepuo wa sayansi na anayewafahamu hawa watoto kwa majina, akipewa chakula cha mchana na barua ya shukrani yenye mhuri, anaweza kufundisha sehemu na namba hasi vizuri kabisa. Mwalimu wa somo amwandalie kazi ya wiki na kumkagua.

Kuhusu Kiingereza, nina msimamo. Watoto wetu wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakafundishwa kila kitu kwa lugha wasiyoiweza, na hadi kidato cha tatu wengi wanafeli Biolojia kwa kutokulielewa swali, wakati moyo na mapafu wanavijua vizuri. Kwa hawa 30, mwalimu afafanue kwa Kiswahili bila haya, mwanafunzi arudie kwa Kiswahili kuonyesha ameelewa, ndipo waandike pamoja sentensi tatu nne za Kiingereza za kujibia. Wafundishe kwa Kiingereza maneno ya maswali yanayojirudia kila mwaka: taja, eleza, linganisha, tofautisha, toa sababu. Kila somo lina maneno yake kama 100 hivi ambayo bila hayo mtahiniwa haendi popote. Wayaandike nyuma ya daftari, wayajue kwa mdomo na kwa kalamu.

Upande wa Hisabati, msihangaike na silabasi nzima. Watahiniwa wengi nchini hufeli somo hili kila mwaka, na mwenye msingi uliokatika hawezi kuziba kila pengo kwa miezi 16. Ila alama 30 zinaweza kuokotwa. Takwimu na mahesabu ya biashara vya kidato cha tatu, matriksi na uwezekano vya kidato cha nne, ni mada ambazo mtu mwenye hesabu za shule ya msingi zilizonyooka anaweza kuzimudu bila aljebra nzito. Wafanye maswali ya mada hizo kutoka mitihani iliyopita hadi mkono uzoee. Hisabati ikigoma kabisa kwa mtoto fulani, D zake nne zitoke Kiswahili, Uraia, Historia, Jiografia au Biolojia, na ijulikane mapema, imeandikwa, ni zipi.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila mwanafunzi aione kwa macho. Alama ya mwisho ya kidato cha nne haitoki kwenye mtihani wa Novemba peke yake. Sehemu 30 kati ya 100 ni alama za maendeleo, zikiwemo zile za upimaji wa kidato cha pili na mitihani ya shuleni. Mwenye alama za maendeleo 9 kati ya 30 anahitaji 21 kati ya 70 kupata D, yaani asilimia 30 ya mtihani. Aliyekosa mitihani ya kidato cha tatu akabaki na 4 anahitaji 26 kati ya 70, ambayo ni zaidi ya asilimia 37. Kwa mtoto dhaifu tofauti hiyo ni pengo kubwa, na ameichimba kwa kutokuwepo siku mbili za mtihani. Muhula huu wa pili wa kidato cha tatu bado unahesabika. Waonyeshe hesabu hiyo ubaoni, mmoja mmoja, kwa alama zake halisi.

Na msizipike. Najua kuna wanaoshawishika kumwongezea mtoto alama za maendeleo ili "kumsaidia". Wamarekani wana funzo hapo. Kiwango chao cha wanaohitimu sekondari katika miaka minne kilipanda kutoka asilimia 79 mwaka wa masomo 2010/11 hadi 86 mwaka 2018/19, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya kweli, ila si yote. Mwaka 2018 uchunguzi ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya wahitimu wa 2017 wa shule za umma za jiji la Washington, mji mkuu wao, walipewa vyeti kinyume cha taratibu, wengi wakiwa wamekosa vipindi kupita kiasi. Waliodanganywa zaidi ni watoto wenyewe, waliofika vyuoni wasijue kitu.

Hao wasichana watatu nimewaweka peke yao kwa makusudi. Wana haki ya kuwepo hapo: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Haki hiyo inavunjwa na mambo madogo. Mwalimu anayetania darasani. Kengele ya saa nane na nusu wakati maziwa yamejaa tangu saa sita na mtoto yuko kwa bibi yake umbali wa kilomita nne. Kazi yako ni kukaa na kila mmoja, pamoja na mama yake au shangazi anayelea, mjue mtoto anakaa wapi mchana, nani anabaki naye akiugua, na kama inawezekana aletwe karibu na shule saa ya mapumziko. Mpe mwalimu wa kike wa kumfuatilia ikiwa yupo. Utani ukomeshwe siku ya kwanza, mbele ya darasa, na wewe mwenyewe.

Ikitokea mmoja wao hawezi kabisa, asiondoke hivi hivi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina sekondari kwa njia mbadala ambayo kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka mmoja, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo ni 54 nchini, kikiwemo cha Mwanhala kule Nzega, hupokea wasichana wa hali hii na kuwafundisha ufundi pia. Akihama leo anaweza kufanya mtihani mwaka ule ule na wenzake. Mpeleke mwenyewe, umkabidhi kwa mtu, upate na namba ya simu.

Imebaki kambi ya mkuu wa shule. Usiipinge, mwombe aihamishe. Mahindi, maharage na posho ambavyo vingeliwa Septemba vitumike Februari hadi Aprili: chakula cha mchana kwa kidato cha nne wote, na godoro shuleni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wale ambao majumba yao yako ndani kabisa ya mashamba, wasichana wakiwa na matroni. Septemba ibaki ya mitihani iliyopita na marekebisho, kama wiki moja.

Nitumie hesabu ya rejista ukishaimaliza, siku kwa siku, bila majina. Nataka kuona hasa wale waliokosa kati ya siku 10 na 20, kwa sababu hao ndio wa kurudishwa kabla vitalu havijamwagiliwa.